Barua ya Kanisa kwa Tupokigwe

Ilula, 15 Januari 2023

Kaka yangu mpendwa Isakwisa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na masikio hayajazidi kuziba. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho ulinijibu mambo ambayo sikuuliza, nikaona heri kalamu. Mimi mwili haujambo. Nyanya zimekubali, na wasafiri wananunua.

Tangu tumzike mume wangu Danieli mwezi wa kumi, nimeendelea kwenda usharikani kwake, kwa Walutheri, kama nilivyokwenda naye miaka yote ya ndoa. Unajua sijawahi kushiriki Meza yao ya Bwana. Watu wakiinuka kwenda mbele, benchi linabaki na mimi. Danieli alikuwa akirudi ananigusa bega, nasogea, anakaa. Sasa wanaorudi wanapita tu.

Mbatisti mwingine hapa simjui. Nimejaribu kusali nyumbani. Nikifika ubeti wa pili wa wimbo nasikia sauti yangu mwenyewe, nanyamaza.

Mchungaji wao, Benjamini, anasema anautambua ubatizo wangu, hatanibatiza tena. Anachohitaji ni barua kutoka kanisa langu. Jina langu bado liko kwenye kitabu chenu hapo Makongolosi, na wewe ndiye mchungaji. Naiomba hiyo barua, kaka.

Mdogo wako,
Tupokigwe


Makongolosi, 5 Februari 2023

Mdogo wangu Tupokigwe,

Marahaba. Nakusalimu katika jina la Bwana, na pole tena kwa msiba. Mimi nipo. Masikio yamebaki kwa kazi ya kushikilia miwani. Wamefunga karasha jipya la kusaga mawe ya dhahabu karibu na kanisa. Waumini wanalalamikia kelele. Mimi nahubiri tu.

Kuhusu barua. Ulipoingia kwenye birika la ubatizo nyuma ya kanisa ulikuwa na miaka kumi na sita, na ulikiri kwa kinywa chako mbele ya watu. Maji yale tuliyavuta kwa mkokoteni siku mbili, maana huku hakuna mto wa kutuhurumia. Waliotufundisha imani hii walitengwa na ndugu zao kwa ajili ya ubatizo wa maji mengi. Barua yetu huenda kwa kanisa lenye imani moja nasi. Wale wanabatiza watoto wachanga wasiojua wanachofanyiwa. Nikiandika, nitakuwa nimesema yote ni sawa. Siwezi.

Tena barua si yangu. Hutolewa na kanisa zima, kwa kura.

Vumilia. Nakuombea kila alfajiri.

Kaka yako,
Mch. Isakwisa


Ilula, 20 Agosti 2023

Kaka,

Shikamoo. Najua imepita miezi sita. Sikuwa mgonjwa.

Uliandika habari za watoto wachanga. Mimi nilikuwa na mmoja. Aroni alipobatizwa mwaka 2007 hukuja, nami nilinyamaza. Miezi minne baadaye ulikuja kumzika. Tulisimama karibu na jeneza, nikakuuliza, "Kaka, mwanangu yuko wapi?" Ukanijibu, "Yale maji hayakumwongezea kitu." Sikuwa nimeuliza habari ya maji.

Danieli alikusikia. Mpaka anakufa hakuwahi kukusema vibaya.

Sijakana nilichokiri kwenye birika. Mtu akiniuliza leo, nitasema niliamini kwanza, ndipo nikabatizwa. Ila nimechoka kubaki peke yangu watu wakienda kula. Jumapili iliyopita jirani yangu Mama Pendo alirudi kutoka Mezani, badala ya kwenda kwake akakaa kando yangu. Nililia mpaka ibada ikaisha, na nilikuwa naona aibu.

Kama barua haiwezekani kabisa, niambie, niache kusogelea kila basi linalotoka Mbeya nikitafuta barua.

Tupokigwe


Makongolosi, 3 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza kukujibu mara nne, nikachana.

Ni kweli nilisema. Njia nzima kuja Ilula nilikuwa najipanga nitakavyowajibu wakwe zako wakinibana juu ya ubatizo. Hakuna aliyenibana. Ukauliza wewe, jambo jingine kabisa, nami nikatoa jibu nililokuja nalo. Nilipaswa kusema mwanao yuko kwa Bwana. Niliamini hivyo siku ile, na leo naamini hivyo. Nisamehe, Tupo. Na kuchelewa miaka kumi na sita, nisamehe pia.

Hapa mambo yamebadilika. Dhahabu imeonekana upande mwingine, wachimbaji wamehama na familia zao. Waliobaki wamevutwa na kanisa jipya lenye vipaza sauti. Tangu Septemba tupo mimi na Mama Bupe, shemasi wetu wa zamani. Jumapili iliyopita niliitisha mkutano wa kanisa, nikasoma ombi lako. Kwa kuwa sisikii, Mama Bupe aliandika kwenye karatasi: "Huyu binti anaomba ruhusa ya kula?" Nikamwambia ndiyo. Akainua mkono. Nikautazama mkono wake, kisha nikainua wangu.

Bado naamini mtoto angoje mpaka aamini mwenyewe. Hilo hatukulipigia kura.

Barua ni hii:

"Kwa Mchungaji Benjamini na usharika wake, Ilula. Tupokigwe alikiri imani na kubatizwa kwa maji mengi katika kanisa hili, tarehe 12 Julai 1998. Hajatenda lolote la kututia aibu. Kwa kura ya washirika wote, tunamwachia kwenu kwa amani. Tafadhali asikae peke yake."

Krismasi Mama Bupe anahamia kwa mwanawe Mbeya.

Kaka yako,
Isakwisa


Ilula, 14 Januari 2024

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Masikio na magoti yanaendeleaje? Kikohozi cha mwaka jana kiliisha? Mimi sijambo kabisa.

Nimekusamehe. Nimelitanguliza hili usije ukalitafuta chini.

Leo Mchungaji Benjamini ameisoma barua mbele ya watu wote. Ule mstari wa mwisho aliusoma mara mbili. Kisha nikaenda mbele. Wao hutumia divai, si juisi ya zabibu kama sisi, ikanichoma koo. Nilirudi nikakaa kati ya Mama Pendo na binti yake.

Nilidhani nitafurahi tu. Nilifurahi, lakini nikawa nakuwaza umesimama kule mbele ya mabenchi matupu. Mimi nilikuwa na wa kuniandikia. Wewe ukitaka kuhama, nani atapiga kura?

Sikuombi uje huku. Jibu lako nalijua. Ila Ijumaa napanda basi la Mbeya, nitalala kwa Mama Bupe, na Jumamosi jioni nitakuwa Makongolosi. Mkate nakuja nao. Wewe tafuta juisi, uandae Meza kama zamani. Jumatatu nitarudi, nyanya haziwezi kuningoja.

Jumapili nitakaa mbele kabisa. Ukimaliza kuomba, nitazame mdomo. Nitakuwa nasema amina.

Mdogo wako,
Tupokigwe