Rugamba Ameapishwa

Okolona, Louisville
Tarehe 11 mwezi wa tano

Papa mpendwa,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa Mama. Kifua chako kinasemaje tangu theluji ya Buffalo iyeyuke? Sisi tuko wazima. Mume wangu Salomon amefanywa mkubwa wa zamu kule depo, na watoto wanakua, ingawa ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza.

Bon, Papa, naomba uketi. Habari hii ni ya kaka yangu Rugamba. Najua ulikataza jina lake nyumbani tangu alipokataa kuja Amerika nasi, akamfuata mchumba wake Sandrine Uholanzi. Ulisema si mtoto wako tena.

Alianza kwa kuchuma nyanya katika mabanda ya vioo. Jioni alitengeneza baiskeli mbovu za majirani. Leo ana maduka matatu ya baiskeli na mafundi kumi na mmoja, Wazungu wakiwemo. Mji wao ulipotaka kuondoa basi la wazee, yeye ndiye aliyesimama mbele ya baraza akawapinga, na basi likabaki. Watu wakamwambia agombee. Mara ya kwanza alikosa kiti kwa kura tisa. Mwezi wa tatu mwaka huu amerudi, ameshinda! Rugamba ni diwani, Papa! Aliapa akiinua vidole viwili, akamwomba Mungu amsaidie, na Sandrine akapiga vigelegele ukumbini hadi meya akacheka. Video ilinikuta ndani ya basi nikienda kazini. Nililia kwa sauti, dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kaka yangu ameshinda.

Sasa naungama. Aliposhindwa mara ile, alinipigia simu akilia. Alisema anaacha siasa, kwani asiye na baraka ya baba yake hafiki popote. Nikamwambia, "Papa amekusamehe, amekubariki. Ila usimpigie simu, ngoja mkutane uso kwa uso." Nilidanganya, Papa. Hata Salomon hajui. Kwa maneno hayo Rugamba alibisha hodi kila mlango wa mji ule.

Jana amefika kwangu na Sandrine. Ijumaa ya wiki ijayo tutalala Columbus, kule Whitehall kwa shangazi Nyiramahirwe, na Jumamosi tutakuwa kwako. Anakuja kukushukuru. Kosa ni langu, nikemee mimi. Lakini yeye akipiga magoti, mwekee mkono kichwani uyatamke yale niliyosema kwa niaba yako. Hapo yatakuwa kweli.

Mama apike sombe ya kutosha. Tutakuwa watu saba.

Binti yako akupendaye,
Isaro