Mama Aliponiamkia

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumai nyote hamjambo. Sisi huku tunapumua, na mama anakula vizuri.

Uliuliza kama zahanati bado inafanya kazi, na kama majirani wanamwangalia mama nikiwa kazini. Zahanati ipo, ila muuguzi huja Jumanne tu. Duka la Kipara lilifungwa watoto wake walipomhamishia mjini, na sasa hata chumvi tunaifuata barabara kuu. Shule ndiyo imebaki. Mimi na mwalimu mkuu tunagawana madarasa yote, maana wanafunzi wenyewe ni wa kuokoteza. Ukipiga hodi upande wetu, anayeitikia ni mzee, au haitikii mtu. Vijana wamekwenda kutafuta maisha kama wewe, na sikulaumu. Yule jirani yetu fundi cherehani, aliyekuwa akimtupia mama jicho, naye alichukuliwa na binti yake mwaka jana.

Mama amebadilika, kaka. Siku moja alitoka kwenda zahanati kumwona baba, akidhani bado yu hai na amelazwa kule. Mchunga ng'ombe alimkuta jioni kwenye kizingiti cha zahanati, miguu imevimba, njia ya nyumbani haijui.

Kuna jambo nimekuficha. Tangu siku ile nilikuwa namfungia ndani kwa kufuli kila asubuhi. Namwachia uji na maji, naenda kufundisha watoto wa watu. Jumatatu iliyopita nilifungua nikamkuta amekaa kitandani, amevaa nguo zake nzuri. Akaniamkia shikamoo, mimi aliyenizaa mwenyewe. Akaniuliza kwa upole amekosa nini, na lini atarudishwa kwa watoto wake.

Tangu hapo sifungi tena. Naenda naye darasani, anakaa dawati la nyuma. Mwalimu mkuu amenivumilia, lakini kasema mkaguzi akija hataweza kunitetea. Nikiacha kazi, shule nayo itafungwa. Nisipoacha, mama sina pa kumweka.

Sikuombi pesa. Njoo ukae naye, au njoo umchukue, lakini njoo mwenyewe, wakati bado anakumbuka kwamba ana mtoto wa kiume.

Nimemwambia nakuandikia. Anakusalimu sana, na anasema huko uliko kuna baridi, usitoke bila sweta.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako.