Matoke ya Mtu wa Kumi na Mbili

Kapteni wangu Mugisha,

Wamekubali! Wale Wasri Lanka waliokucheka mbele ya watu, wakakwambia Waafrika hatuna subira ya kucheza siku mbili, wamekubali test. Kriketi ya test yenyewe, siyo zile ova ishirini, mipira sita sita, za kupiga haraka haraka halafu kila mtu anawahi basi. Mpira mwekundu, nguo nyeupe, kila timu inapiga mara mbili, na mechi moja inakula Ijumaa mbili. Mechi zenyewe ni tatu. Ya kwanza inaanza kesho asubuhi, uwanja wetu uleule wa Al Thumama hapa kwa Waarabu, ndege zikitupitia vichwani kutafuta pa kutua. Jambo uliloliota miaka yote, halafu limekuja wewe umelala Mbarara. Inaniuma, Kapteni. Sikufichi.

Tangu tulipokusindikiza uwanja wa ndege, nahodha ni mimi. Hakuna aliyepiga kura. Otieno alichukua ule mfuko wako wa magongo na pedi, akauweka miguuni pangu, akasema, "Shabani, beba." Nikabeba. Mimi, mfua mashuka wa hoteli pale Al Sadd, nimerithi timu ya walinzi na madereva wa nchi tatu ambao hata sukari ya chai hawajawahi kukubaliana. Mwanzoni niliwafokea kama ulivyokuwa ukiwafokea wewe, wakanitazama tu. Lile koo lako sina, bwana. Siku hizi nawatania, na mazoezini wanafika kabla yangu.

Sasa sikia habari za vita. Wenzetu wako vizuri, lakini nimewachungulia wakifanya mazoezi na sioni cha kunikosesha usingizi. Wanapiga kwa madoido mno. Wakikaa muda mrefu bila mikimbio, bila hata pointi moja, wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na kwenye test utakaa muda mrefu bila mikimbio, utake usitake. Anayenitia wasiwasi ni mmoja tu, yule mpishi wao mfupi. Unamkumbuka? Anarusha mpira kama anakupa salamu, ukidunda unakata kona. Alikutoa mara mbili siku moja, ukatupa gongo hadi kwenye maegesho. Na mkeka wetu ule tunaotandika juu ya zege umechakaa upande wa barabarani. Mpira ukiangukia hapo unageuka kama umesahau kitu nyumbani. Atafurahi huyo mpishi.

Sisi tuna Ssali, na Ssali bado anarusha kwa hasira. Akigombana na mudiri wake kazini Alhamisi, Ijumaa wiketi, vile vijiti vitatu vya mpigaji, zinaanguka. Leo nimeuliza kama wamegombana, nikaambiwa ndiyo, tena mbele ya wageni. Alhamdulillahi. Nyuma ya wiketi anadaka Otieno, mikono yake ileile na mdomo wake uleule. Anamsemesha mpigaji mpaka maskini anasahau alichokuja kufanya. Kwa hiyo kuwatoa tutawatoa, hilo halina mjadala. Swali lilikuwa nani atakaa pale mbele ya mpishi, asitamani kitu, asichoke, mpaka mpishi mwenyewe akumbuke kwamba Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Hapo ndipo anapoingia Mussa wa Singida. Najua umeguna! Mussa wetu, dereva wa basi la shule, mtu wa kuzuia. Mpira mzuri anazuia, mpira mbovu anazuia, na mpira unaopita mbali naye anausindikiza kwa macho kwa heshima zote. Kwenye ova ishirini ulimwacha kila mara, na ulikuwa sahihi, maana tungemaliza mchana kutwa hatuna mikimbio ya kumwonyesha mtu. Umempikia matoke mpaka tukasema atachukua pasi ya Uganda.

Hayo matoke yako, Kapteni. Nimecheza timu nyingine kabla ya kukujua. Kule ukiachwa unasoma karatasi ukutani, jina lako halipo, khalas, unarudi kulala. Wewe ulikataa. Alhamisi ulikwenda Al Sadd kwa yule Mhindi kununua ndizi mbichi, ukapika na mchuzi wa karanga, ukamwita uliyemwacha, ukamkalisha jikoni. Villa nzima tunayolala ikinusa karanga ilijua kuna mtu kaachwa. Mpaka leo hapa hatusemi fulani kaachwa, tunasema fulani kala matoke. Na kabla hujamweleza kitu ulikuwa na neno lako moja, "Kula kwanza. Utanuna ukishiba."

Uliniambia na mimi siku ile. Nilikuwa nimeshampigia mama simu Tanga, nimemtangazia kwamba kesho nacheza. Nilikula kwa hasira hadi jasho, nikaongeza, nikaongeza tena, na wewe umekaa unamenya karanga. Nilipomaliza ndipo uliposema bega langu limechoka, na kwamba unanitaka kwa mwaka mzima, siyo kwa kesho tu. Nilitaka kununa kweli, lakini tumbo lilikuwa limejaa, nikaishia kukusaidia kuosha vyombo.

Basi, wachezaji kumi nimewapanga bila taabu. Nafasi ya kumi na moja ilikuwa kati ya Mussa na nahodha.

Mimi, yaani.

Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi. Wote walijua naingia. Kwanza ni nahodha, pili mimi ndiye wa kufungua upigaji, mimi ndiye wa kupiga mpira ukavuka uzio watu wakashangilia. Lakini Ijumaa iliyopita nilimwambia Ssali aturushie, mimi na Mussa, upande ule uliochakaa. Niliupiga mmoja mbinguni, nikaupiga wa pili mbinguni, wa tatu ukaning'oa wiketi ya katikati. Watu walipiga makofi hata hivyo. Akaingia Mussa. Ssali alirusha, Otieno akarusha, nikarusha hata mimi, na Mussa anazuia tu, taratibu, kama mtu anayefunga milango ya nyumba kabla ya kulala. Adhana ya Ijumaa ilitukuta bado yupo. Tulimbembeleza atoke tukaswali, akatoka anatuomba radhi kwa kutuchelewesha.

Nilijua palepale, Kapteni, nikajifanya sijui. Wiki nzima nimetafuta visingizio huku nakunja mashuka ya watu. Nikasema ni upepo. Nikasema timu bila nahodha uwanjani ni kuku asiye na kichwa. Nikasema Mugisha angetaka nicheze, tumeiota pamoja hii test, angetaka mmoja wetu awepo. Hicho cha mwisho kilikaribia kunishinda. Nguo zangu nyeupe nilikuwa nimeshazipiga pasi, mikunjo unaweza kujikata nayo. Lakini kila nikikuuliza wewe, unanijibu kwa kumenya karanga.

Leo baada ya dawamu, zamu ya kufua ilipoisha, nimekwenda kwa Mhindi nikanunua ndizi.

Laiti ungeuona huo msafara! Karanga zilipoanza kunukia, milango ikafunguka mmoja mmoja. Wa kwanza kuja Ssali, uso umempauka, eti anatafuta kiberiti, naye sigara havuti. Akaja Otieno akaanza kunieleza, bila kuulizwa, kwamba kidole chake kimepona kabisa. Kila mmoja akifika anachungulia sufuria, ananichungulia mimi, anaondoka hajauliza. Ya nani, hakuna aliyethubutu. Wakasimama koridoni kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani.

Mussa alikuja na sahani yake mkononi. Hakuchungulia wala hakuuliza. Alivuta kile kiti kilekile alichokuwa akikalia enzi zako, akakaa, akaniambia taratibu, "Mimi nimeshazoea, Shabani. Ila karanga umeziunguza."

Nikamnyang'anya sahani. Nikapakua, nikakaa mbele yake, nikaanza kula mimi. Nimekula tonge la kwanza, la pili, yeye ananitazama mkono na mdomo. Unamjua Mussa, kila kitu kwake kinafika polepole. Kilipofika, alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Na mimi machozi hayo, Kapteni, yananidondokea kwenye mchuzi. Nilikulilia wewe, na nikaililia ile test, maana nilitaka kuicheza, Wallahi nilitaka.

Mussa akajifuta uso kwa ukosi wa shati. Akasogeza sufuria, akaniongezea matoke mpaka yakamwagika pembeni ya sahani, akasema, "Kula kwanza, Shabani. Utanuna ukishiba."

Wote wakacheka kwa mpigo, Ssali akiwa wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa ameogopa kuliko wote. Wakaingia na sahani zao, tukayamaliza, japo katikati yalikuwa mabichi. Otieno ataongoza uwanjani. Mussa atafungua, na nimemkabidhi nguo zangu nyeupe kwa kuwa zake zina kola ya manjano. Suruali inamburuza kidogo, amekunja.

Kwa hiyo kesho tunawapiga. Sisemi kwa majivuno, nasema kama mtu aliyeona kikosi. Yule mpishi atarusha mpaka bega liombe msamaha, na Mussa atakuwa pale, na adhana itamkuta pale, na jioni itamkuta pale. Mechi tatu tutachukua mbili. Ya tatu tukipenda tutawaachia kwa adabu, tusije tukanyimwa nafasi ya kurudiana.

Mimi nitabeba maji, mtu wa kumi na mbili. Nitakaa pale kwenye mstari ulipopenda kusimama wewe mikono kiunoni, na kila ova ikiisha nitapiga kelele kwa koo hilihili nililopewa. Nami nakuahidi hili: mfuko wako ukiwa mikononi mwangu, hakuna mtu wa timu hii atakayejua ameachwa kwa kusoma ukutani au kwenye simu. Atakalishwa jikoni. Karanga nitajifunza kutoziunguza.

Kwa heri, Kapteni. Mungu akulaze pema huko kwenu kwenye ndizi zenyewe. Vyombo nimeshaosha. Nimeshiba, na kununa kumenishinda.

Wako,
Shabani, mbeba maji