Kingo za Mbao za Wodi ya Wazazi

Lukole, Machi 1997

Mke wangu Minza,

Mgongo unauma, ila nimeona jambo. Tunatandika sakafu ya mbao kwenye wodi ya wazazi hapa kambini. Fundi Ciza, mkimbizi wa Burundi, anapitisha randa kwenye kingo za juu za kila ubao ziwe mshazari.

"Mbona unaharibu ubao mzuri?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wewe Msukuma! Mvua ikija ubao huvimba, mmoja ukaupanda mwingine. Ukingo mkali utachana goti la mtoto anayetambaa. Huu hauchani."

Nikapitisha kidole kwenye kiungo. Hakikukwama.

Umeniandikia kwamba mtoto wetu anatambaa, nami sijamwona hata mara moja. Msimamizi amenikatalia ruhusa ya kuja nyumbani. Jumamosi naondoka hivyo hivyo, kazi ikipotea ipotee. Usimharakishe kutembea.

Mumeo, Mhoja