Nta Kwenye Begi la Safari

Jumatatu, 3 Juni
Buti mpya za Elia bado zinambana. Anazivaa hata akinywa uji. Mwezi ujao tunakwenda Udzungwa, kutembea ndani ya msitu wa mvua, tuwaone mbega, kima wa huko wenye mikia mirefu. Tangu tuoane mume wangu huyu anaahirisha. Mara mizinga ya nyuki, mara kurina asali. Safari hii akiahirisha nampiga kwa mtwangio. Sitanii.

Jumatano, 5 Juni
Amepaka nta buti zote, na begi langu. Eti mvua ya huko haina adabu kama ya kwetu Rungwa. Nyumba nzima inanuka mzinga. Nimecheka.

Jumamosi, 8 Juni
Siku mbaya. Tulikwenda porini kufanya mazoezi ya safari. Nikachoka, nikatundika begi mtini, tukasinzia kivulini. Hapa kila mtu anajua: ukitaka nyuki waingie mzinga mpya, unaupaka nta, unautundika. Na sisi warina asali wazima!

Tulipoamka nyuki wamelijaa. Elia akacheka, akalishika bila moshi wa kuwatuliza. Mkanda ukakatika, begi likaanguka. Wakamvaa uso mzima. Niliwapiga kwa fimbo, nikampiga na yeye. Akaniangusha, akanilalia juu ili wasiniume. Alikuwa ananguruma. Kisha akanyamaza. Nimemburuta hadi barabarani.

Jumapili, 9 Juni
Zahanati. Uso wa Elia umevimba hadi hauna macho. Anahema kwa shida. Kaka yake, shemeji Yona, alikuja, hakunisalimu, akanizaba kofi.

"Umemuua mdogo wangu kwa ajili ya nyani!"

Nikamrushia chupa ya chai, ikampasua nyusi. Namchukia. Nawachukia nyuki zaidi.

Jumanne, 11 Juni
Hajaamka. Nimechoma mizinga miwili kwa petroli. Nyuki walikuwemo. Nilisimama pale nikawasikiliza mpaka wakaisha. Sikuona huruma hata kidogo.

Ijumaa, 14 Juni
Elia ameamka, yuko nyumbani. Jicho moja limefunguka. Tabibu kasema akiumwa tena na nyuki atakufa, kwa hiyo mizinga iliyobaki kaichukua Yona. Elia hakuuliza imebaki mingapi. Alikaa mlangoni mchana kutwa, mikono haina kazi.

Jioni akasema, "Mke wangu, sasa sina cha kuahirishia."

Nimechemsha maji, nimekwangua nta yote kwenye buti zake. Mvua ya huko iingie tu.