Kitambaa Cheusi cha Jaji

Jumatatu, 6 Machi

Ushahidi umekwisha. Jaji kasema anakwenda kusoma na kufikiri, hukumu Jumanne ijayo. Kusoma nini tena? Msimamizi wa bohari kapigwa chuma akafa siku ya mgomo, wafanyakazi wote walikuwepo pale, aliyekamatwa mmoja — mdogo wangu. Wakili anasema hakuna shahidi hata mmoja aliyemwona na kile chuma mkononi. Kasema hivyo huku akifunga mkoba, hakunitazama.

Kizimbani alivaa lile shati nililompelekea. Kola imesimama sawasawa. Angalau hilo.

Jaji ni mtu wetu. Kasoma shule moja na marehemu mume wangu, na kiti kakikalia juzi tu, baada ya bendera kubadilishwa. Lakini kichwani ni wigi lile lile la nywele za farasi, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Mzungu kaondoka, kaacha nywele. Nilikaribia kucheka mle mle ndani. Wifi, mke wa mdogo wangu, akanifinya.

Alhamisi, 9 Machi

Kazi haishiki mkononi. Nimeunguza foronya ya hoteli, mimi ninayewacheka wenzangu wakiunguza.

Ninachowaza ni kitambaa. Marehemu alifua na kupiga pasi majoho ya mahakama tangu enzi za mkoloni, nami nikarithi kazi pamoja na pasi yenyewe. Kila Jumamosi tarishi wa mahakama huleta furushi: joho jekundu, na vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni. Siku zote ni hivyo. Ila mara moja moja sana hukaa humo kipande cha hariri nyeusi, mraba, ukubwa wa leso. Hicho jaji hukiweka juu ya wigi akitamka hukumu ya kunyongwa. Bila hicho hatamki. Ni mambo yao, walikuja nayo, wakaondoka wakatuachia. Na kwa kuwa kinakaa sandukuni mpaka kinajikunja, lazima kinyooshwe kwanza. Kwa hiyo dobi hujua kabla ya mshtakiwa.

Marehemu kikija alikuwa anakipiga pasi kabla ya nguo nyingine yoyote, kisha hasemi na mtu mpaka adhuhuri. Nami nikimnunia, nikidhani ana mwanamke. Siku aliyonieleza nilitamani angekuwa na mwanamke tu.

Wifi hajui haya. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 11 Machi

Hakimo!

Tarishi kaja asubuhi na baiskeli yake. Sikusubiri hata aondoke. Nikafungua furushi pale pale mlangoni, nikalikung'uta joho kama mtu aliyeingiwa na siafu. Joho. Vya shingoni. Basi. Akaniuliza, Mama Pasi, umepoteza kitu? Nikamwambia sijapoteza, nimeokota. Hakuelewa. Hajui kwamba mshtakiwa ni ndugu yangu, kule mahakamani mimi najulikana kama mjane wa dobi, yamekwisha. Nikampa chai na mkate wote uliokuwepo.

Halafu nikaenda mlango wa pili, kwa wifi, nikamweleza habari nzima ya kitambaa. Mimi na wifi hatujawahi kupatana — yeye ana mdomo, na mimi ninao — lakini leo tumekumbatiana jikoni mpaka sufuria ikaungua. Akasema, wifi, kumbe habari njema zinakaa kwako na mimi nakuona adui. Nikamkanya asimwambie mtu. Akaapa.

Jumapili, 12 Machi

Kiapo chake hakikulala. Majirani wanaingia na kutoka, wanatupa mikono ya hongera. Wifi kapaka chokaa chumba, kageuza godoro, kawaambia watoto baba anarudi Jumanne. Yule mdogo kabisa kakaa kizingitini tangu asubuhi, anadhani Jumanne ni leo.

Mdomo huponza kichwa. Nimemwambia wifi apunguze, akanijibu, si wewe uliyesema? Ni mimi. Nikachukua brashi nikamsaidia ukuta wa nyuma.

Lakini roho haikutulia mchana kutwa, na sababu siioni. Furushi nililifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatatu, 13 Machi

Tarishi karudi. Nilijua kafuata joho, na joho kalichukua. Kisha akatoa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani hariri nyeusi, mpya, bado inanuka duka.

Anasema kile cha zamani kimeliwa na mende, kimebaki matundu. Jaji alikitafuta Ijumaa, kakasirika sana. Basi nikate kingine, mraba, nikunje pindo, nikipige pasi, kesho asubuhi atakuja kukichukua kabla mahakama haijakaa. Akacheka, akasema hata kitambaa, Mama Pasi, kimestaafu na wenyewe Wazungu.

Kwa hiyo Jumamosi hakikuja kwa sababu ya mende. Sababu ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Mende wamekula kitambaa, mimi nimepakisha watu chokaa.

Nikamuuliza, kwani kesho kina kazi? Akainua mabega. Labda jaji anataka tu kiwepo sandukuni, mtu mgeni kazini hupenda vifaa vyake vitimie. Labda. Neno hilo nimelishika tangu alipoondoka, sitaki kulitua.

Nilifikiri kukataa. Lakini nikikataa nitakuwa nimekubali kwamba ni cha mdogo wangu. Nikikata, bado ni cha sandukuni. Na sokoni mafundi wamejaa, yeyote angekimaliza kabla chai yake haijapoa.

Nimekikata. Pindo nimelishona kwa mkono, mshono ule ule niliokuwa nikimtilia mdogo wangu kwenye kaptula zake za shule, maana alikuwa hachelewi kuchana. Hapo ndipo nikalia. Nimeogopa chozi lisidondokee hariri, lingeacha doa.

Jumanne, 14 Machi

Wifi kaja mapema na shati la mumewe, lile la samawati alilovaa siku ya harusi. Anasema hawezi kutoka mahakamani na shati lililokaa mahabusu. Alitaka alipige pasi mwenyewe, nikamwambia hapa mwenye pasi ni mimi, nenda kachemshe chai. Hariri ilikuwa mezani muda wote, chini ya gazeti. Angenyoosha mkono angeigusa.

Nimepiga shati pasi. Nimelipiga polepole, mikono, kola, kifua. Kisha hariri. Haikutaka moto mwingi, nimepitisha pasi mara moja ikalala. Nimeikunja nikaiweka chini ya shati, sina pahala pengine.

Nilifungua mdomo nimwambie, ikatoka habari ya kifungo kilicholegea. Akasema atakikaza nyumbani, jioni, akishavua. Anaimba, huyo. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akiimba. Nimwambie saa ngapi? Atakwenda mahakamani na watoto, kawavisha viatu.

Kengele ya baiskeli.

Nimebaki humu chumba cha nyuma, naandika ili mikono iwe na kazi. Wifi ndiye aliyekwenda kufungua. Namsikia anamkaribisha, anamwita kaka, anamwambia leo hapa ni furaha, akae anywe chai. Sasa anamuuliza kafuata nini asubuhi yote hii, maana joho si lilishaondoka jana.