Kitufe cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kitu. Kabla hata ya kupiga mswaki nilifungua ukurasa wa Mamlaka ya mawasiliano, kama kawaida yangu — wenzangu huanza siku kwa sala, mimi huanza kwa vifaa vilivyoombewa kibali. Katikati ya ruta na spika za bei poa, nikaliona jina la ile Kampuni. Ile ambayo haijatoa kitu kipya tangu mwaka juzi. "Kifaa cha mkononi." Basi. Hakuna jina la bidhaa, hakuna picha. Picha zimefungiwa miezi sita kwa ombi la wenyewe.

Wanaficha nini?

Nilichoweza kuchokonoa: kina Wi-Fi, kina Bluetooth, hakina laini ya simu. Mionzi imepimwa kwenye kiganja tu, kichwani haikupimwa, kwa hiyo si cha kuweka sikioni. Mchoro wa lebo ya nyuma una vipimo, na lebo yenyewe karibu iguse kingo zote mbili. Kumbe ni chembamba, kama kitana. Vinasa sauti viwili. Viwili vya nini?

Nimeandika aya moja kwenye ukurasa wangu wa habari za vifaa. Chai haijapoa, Kasuku keshaiiba na kuiita "uchunguzi wetu". Huyu bwana mwenye ukurasa wa jirani hajawahi kusoma hata kibali kimoja. Ananisoma mimi.

Halafu nikashuka hadi chini kabisa ya cheti. Maabara iliyopima — ni ile anakofanya kazi mume wangu. Kibali cha redio kimeshatoka, lakini vipimo vya uimara huchukua wiki kadhaa zaidi. Maana yake kitu kile bado kimo humo ndani. Leo asubuhi amekwenda kazini akipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Sijamuuliza. Tuna sheria yetu tangu tuoane: yeye haleti kazi nyumbani, na mimi sichimbi. Maabara ile hupima vitu vya watu kabla havijaingia sokoni, na kila mfanyakazi ametia saini ya kufunga mdomo. Ndugu zangu walicheka siku ya harusi. Fisi, walisema, kaolewa na mwenye bucha. Sheria ndiyo imetuweka mpaka leo. Namwita Bwana Kimya, na hulipenda hilo jina.

Lakini wiki hii! Anachelewa. Simu anailaza kifudifudi mezani. Nimemuuliza siku ilikuwaje, kasema "ya kawaida". Mtu ambaye siku ya kawaida hulalamikia kiyoyozi cha kazini mpaka sahani inakuwa tupu! Leo hakukitaja kiyoyozi hata mara moja.

Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu, fundi cherehani, alikuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamweleza. Akaitoa pini mdomoni na kusema, mdogo wangu, mwanamume akianza kufunika simu jua kuna mtu. Nikamwambia natamani angekuwa mtu. Mtu ningejua la kumfanya. Hakucheka. Alisema mimi ni mgonjwa na akarudi kwenye mapazia yake.

Nimenusa shati la mume wangu kabla ya kulifua. Manukato hakuna. Kuna ile spiriti wanayosafishia vifaa, kali kuliko siku zote, hasa kwenye mkono wa kushoto. Mfukoni nimekuta tyubu ya dawa ya kuchua. Mpya. Hajaniambia kama anaumwa.

Huko kwenye ukurasa wamechachamaa. Mmoja anasema ni mchezo wa video, mwingine rimoti ya nyumba nzima, mwingine eti kipimo cha mimba za ng'ombe. Kasuku ametangaza ana "chanzo cha ndani" na kwamba ni mchezo wa video, tena wa kukunja. Hana chanzo wala mjomba wa chanzo. Lakini watu wamehamia kwake kama nzi, hata wale walionifuata tangu nilipoanza. Imeniuma. Sitasema haikuniuma.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya chakula alishindwa kufungua chupa ya asali. Nikamshika mkono. Kidole gumba cha kushoto kimevimba pale shinani. Umefanya nini? Eti amekilalia vibaya. Nani analalia kidole gumba?

Nikaleta ile tyubu, nikamkalisha kwenye kochi, nikaanza kumchua. Akafumba macho. "Hapo," akasema, "hapo hapo." Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kumwona amelegea. Nampenda huyu mtu. Naandika hivyo kwanza kwa sababu sipendi kinachofuata.

Vidole vyangu vilikuwa vinachua na kichwa kinasoma. Gumba la kushoto. Mtu akigongagonga huumia kwenye kiungo cha juu. Huyu anaumia shinani, kama mtu aliyebonyeza kitu na kukishikilia. Kwa muda mrefu. Kitu chembamba, cha mkononi, kisichowekwa sikioni, chenye vinasa sauti viwili... Unabonyeza, unashikilia, unaongea. Unaachia, kinakujibu. Si mchezo. Ni kitu cha kuongea nacho! Na kitufe kiko ubavuni, kushoto.

Alisinzia mkono wake ukiwa bado mapajani mwangu. Nikamwekea mto.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika. Makala ndefu, safi, kila hoja na kibali chake: kiganja, lebo, vinasa sauti. Mpaka hapo hakuna wa kunigusa, yote yako hadharani kwa mwenye macho. Mwisho nikaweka kitufe. "Ubavuni kushoto, cha kushikiliwa kwa gumba la mkono wa kushoto muda wote unapoongea."

Kitufe hakimo kwenye kibali chochote. Nilijua. Sentensi ikawa inaning'inia haina mguu, kwa hiyo nikaongeza: "Chanzo chetu cha ndani kimethibitisha." Kila mtu anaandika hivyo. Kasuku huandika hivyo hata akitabiri mvua. Sikumtaja mtu, kwa sababu hakuna mtu.

Watu wamerudi. Wamerudi na jamaa zao. Kasuku ameniandikia faraghani, kwa adabu sijawahi kuiona, akiuliza chanzo changu ni nani. Nikamjibu siri ya mtungi muulize kata. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 12 Machi

Amerudi mapema. Amesimama mlangoni na viatu vyake, na yeye si mtu wa kuingia na viatu.

Ameisoma makala yangu ofisini kwa bosi wake, kwenye skrini ya bosi wake, bosi akiwa amesimama nyuma yake. Kampuni imepiga simu. Wanataka kujua chanzo cha ndani ni nani, na ndani maana yake ni maabara. Bosi, mama mmoja mpole ambaye alikula hapa kwetu mwaka jana, alimwambia kikulacho ki nguoni mwako, kisha akamwomba kadi ya kufungulia milango.

Nimemwambia nilikisia. Yote yamo kwenye vibali. "Na kitufe?" Nimekisia. "Na chanzo?" Nimekibuni. Hakuna chanzo, mume wangu, ni maneno tu ya kazi. Akanitazama kama mtu anayesoma mita.

Kesho nitaandika kwamba nilidanganya. Nitachekwa mpaka basi. Ukurasa utakufa pengine. Lakini akipoteza kazi kwa ajili ya sentensi moja niliyoiongeza ili nipendeze, sijui nitamtazamaje.

Kalala sebuleni.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika asubuhi. "Sikuwa na chanzo chochote. Nilibuni. Kitufe ni kisio langu." Hadi mchana Kasuku alikuwa ameandika kunihusu mara tatu. Sawa. Nilimwonyesha mume wangu nikitegemea walau ashushe pumzi.

Akazima televisheni. Akasema sikia, sasa hivi hata nikikueleza hakuna kinachozidi kuharibika. Kitufe hakiko kushoto. Kiko mbele, katikati. Kampuni ilikiweka hapo makusudi tangu mwanzo ili mtu wa mkono wowote akitumie.

Nikakosea, basi! Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikamshika bega. Si ndiyo ushahidi kwamba hakuna aliyeniambia? Aliyeambiwa angepatia.

Akatikisa kichwa. Pale maabara kuna mashine ya kubonyeza, kidole cha chuma kinachobonyeza kutwa nzima badala ya mtu. Imeharibika, kipuri hakijafika, na Kampuni haingojei mtu. Kwa hiyo amekuwa akibonyeza mwenyewe, peke yake chumbani, siku baada ya siku. Anashikilia, anahesabu, anaachia, anaandika matokeo. Anaandika kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo anabonyeza kwa wa kushoto.

"Ungepatia," alisema, "wangesema umebahatisha. Umekosea, lakini umekosea namna yangu. Hakuna mwingine aliyekishika kile kitu kwa mkono wa kushoto."

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliniuliza kama huwa anaongea usingizini.

Tangu jana alikuwa anajichunguza mwenyewe! Kama aliropoka usingizini, kama aliacha karatasi, kama kuna kitu alikisema akiwa na homa. Alikuwa anajitafutia kosa ili lisiwe langu. Nikasema hapana, hukuongea. Hukuacha karatasi yoyote. Sauti yangu haikuwa sawa.

Akakaa. Akautazama mkono wake wa kushoto. Nikaona anafika, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Aliinuka akaenda kwenye sinki, akaunawa mkono kwa sabuni. Akausuuza, akaunawa tena.

Jumamosi, 15 Machi

Hatuongei. Anajipaka dawa mwenyewe, anafungua tyubu kwa meno. Anavaa shati bila kuomba nimfungie kifungo cha mkono, na najua hawezi.

Dada yangu kapiga simu akasema mchuma janga hula na wa kwao. Nikamwambia ahsante, hiyo naijua. Akauliza kama nimekula. Sijala.

Jumatatu wanatutaka wote wawili, maabara. Mimi sikulazimika kwenda, si mfanyakazi wao. Nimesema nitakwenda. Hakunikataza.

Jumatatu, 17 Machi

Tumekaa kwenye korido yao. Viti vya plastiki vya bluu, bango la "Vua saa na pete kabla ya kuingia", mlango wa kioo chenye ukungu. Kiyoyozi kweli ni kibaya. Kinadondosha maji kwenye ndoo. Miaka yote nilidhani anatia chumvi.

Ameacha kiti kimoja kati yetu.

Njiani alisema neno moja tu: sema ukweli. Nimeugeuza huo ukweli kila upande. Nikisema nilikisia, hawaniamini tena. Kisio langu lina mkono wa mtu wao. Nikiusema ulivyo — kwamba hakuniambia, hakunionyesha, hakuropoka, kwamba alikuja na maumivu nami nikayasoma huku nikijifanya namchua — basi hakuvunja kiapo. Kadi watamrudishia, pengine. Lakini kila mtu humu atajua kwamba huyu, hata akinyamaza, mkewe anamsoma. Nani atampa tena kifaa cha siri? Na yeye, kila atakaporudi nyumbani na mgongo unamuuma, atakaa kwenye kochi lipi?

Anataka niseme ukweli kwa ajili yao, au anataka ausikie yeye? Kule nyumbani sijautamka. Amenisubiri siku nne niutamke na mimi nimekuwa nikikaanga vitunguu. Naona aibu. Naogopa pia, na sijui kipi kimezidi.

Bosi ametoka. Ametusalimia vizuri tu, kaniita mama, kaniuliza habari za nyumbani. Kasema watu wa Kampuni wako kwenye simu, wana swali moja, na wangependa kuanza na mimi. Dakika mbili, wanaunganisha mitambo. Kaingia, kaacha mlango wazi kidogo.

Mume wangu amegeuka. Ndiyo mara ya kwanza leo ananitazama — hapana, analitazama daftari. Naendelea kuandika. Nimeinamisha jalada kidogo asione, bila kufikiri, na ameona nilivyoliinamisha.

Mle ndani wamesema niingie. Hajaondoa macho. Ameniuliza, polepole, hata hana hasira, kama na hii nitaichapisha